Mishale Iliyolala Saa Sita

Ukipita nyuma ya soko la Mahakama ya Ndizi pale Mabibo, ukaiacha harufu ya mikungu iliyoanza kuiva na kelele za wapakuzi, utakuta benchi ambalo zamani lilikuwa ubao wa nyuma wa lori. Maandishi yake bado yanasomeka: POLEPOLE TUTAFIKA. Wanaolikalia hawajafika popote tangu liwekwe hapo, na wala hawana mpango. Kahawa anauza Farida, mwanamke wa maneno machache na kashata nzuri, na wenyeji wa kudumu ni watatu. Gregori wanamwita Injinia kwa kuwa aliwahi kufunga madishi ya televisheni, mengine hadi leo yanaonyesha chenga. Praygod, muuza mitumba, wanamwita Waziri, kwa sababu hajawahi kuulizwa swali akakosa jibu, na hajawahi kutoa jibu likawa la swali aliloulizwa. Mbwana ni mzaliwa wa hapo hapo, yeye na babu yake, na jina lake la kijiweni ni Redio, maana hazimwi. Mchana huo watatu hao walikuwa wamekwisha kupanga kikosi cha timu ya taifa, wamekwisha kushusha bei ya mafuta, na walikuwa wamebaki wakitazamana. Ndipo Mungu alipowaletea Hija.

Hija alikuwa bwana harusi aliyemaliza fungate asubuhi ile ile. Kanzu imepigwa pasi, udi unanukia kutoka hatua kadhaa, lakini uso ulikuwa wa mtu aliyetoka kuzika. Mkono wa kushoto aliufunika kwa leso. Alipoketi aliifunua leso polepole, na wote wanne, Farida pamoja nao, wakainama kutazama.

Ilikuwa saa. Na haikuwa yake, hapo ndipo shida ilipoanzia. Mzee Abdulsamad, mwenye duka la vitambaa Magomeni, ndiye aliyemlea bibi harusi, Ibtisam, tangu baba wa binti huyo, kaka yake mzee, alipofariki. Ukoo ulikaa kikao si kimoja kabla ya kumkubali kijana anayeuza vitunguu vya jumla sokoni Mabibo, na kuna shangazi ambaye mpaka siku ya ndoa alikuwa bado anafikiria. Abdulsamad ndiye aliyefunga mjadala. Kisha, kama ilivyo desturi yao, akamwazima bwana harusi joho na upanga wa ukoo, vitu ambavyo huvaliwa, hupigwa picha, hurudishwa. Safari hii aliongeza kimoja: saa janja aliyotumiwa na mwanawe Azzam kutoka Maskati, tena si ya kawaida, ni toleo la kifahari. Alimfunga Hija kwa mkono wake mwenyewe mbele ya watu. Joho na upanga vilirudi kesho yake. Saa, mzee alisema ikae naye fungate nzima, bwana harusi asije akapitiwa na nyakati za sala. Sharti lilikuwa moja: aivae tu, asikiguse kioo.

Na Hija hakukigusa. Usiku aliilaza kwenye chaji yake kama mtoto mchanga, asubuhi akaivaa. Lakini leo, wakati anatia udhu wa adhuhuri, maji yalirukia kioo naye akakipangusa kwa mkono wa kanzu uliokwisha kulowa. Mara tarakimu alizokabidhiwa zikatoweka. Ikaja sura nyeupe, tupu, yenye mishale miwili, na mishale yote miwili ikakimbilia juu ikalala pale saa sita. Kwa kuwa ilikuwa kweli yapata saa sita, hakushtuka. Alishtuka alipomaliza kusali, akala, akabadilisha kanzu, na bado ikawa saa sita.

Baada ya sala ya alasiri alitakiwa ukweni, kutoa salamu na kurudisha amana. Bei ya saa haikumtisha sana. Kilichomnyima pumzi ni sentensi moja aliyokwisha kuisikia kichwani kwa sauti ya yule shangazi: saa tumempa siku saba kaiua, na mtoto tumempa maisha yake yote.

— Nimwambieje mzee? aliwauliza. Nyie ndo watu wazima wangu.

Kosa lake lilikuwa hilo. Ibtisam alikuwa amemwambia aende moja kwa moja kwa ami yake akaseme ukweli. Yeye akaona apitie kwanza kijiweni kuchukua ushauri.

Praygod alinyoosha kidole. Gregori akakidaka hewani.

— Usiiguse! Mtu yeyote asiiguse. Hiyo inajiapdeti. Ukiigusa ikiwa kwenye kujiapdeti inajifuta yote, unabaki na kioo cha kutazamia ndevu.

Basi mikono yote ikarudi mapajani. Gregori alimeza funda la kahawa, akawaeleza toleo la kifahari ni mdudu gani. Mashine ya ndani, alisema, ni ile ile ya saa zinazoning'inia Kariakoo. Betri ile ile, moyo ule ule. Kinachozidi ni mkanda wa ngozi, jina lililochongwa mgongoni, na sura. Kuna sura kampuni imezitenga kwa ajili ya hili toleo peke yake. Ukinunua ile ya kawaida, hata ulie machozi ya damu, haikuonyeshi.

— Ngoja, ngoja, alisema Mbwana. Mashine moja, ila mie wamenificha?

— Wamekufungia. Wangetaka wangekupa, haiwagharimu kitu. Hawataki tu.

— Huo si uchoyo huo?

— We hujawahi kula pilau la harusi? Farida aliuliza huku anamimina. Sufuria moja. Ila sinia la meza kuu linaondoka na zabibu.

Hilo kila mtu alilielewa, na kwa muda kijiwe kilinyamaza kikiwakumbuka waliowahi kula zabibu. Praygod hakupenda ukimya ambao hakuuanzisha yeye.

— Ndo maana wahenga wakasema, mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani.

— Hiyo inahusianaje na saa, Waziri?

— Ngamani ndo makao makuu ya kampuni.

Hakuna aliyejua ngamani ni wapi, kwa hiyo hakuna aliyeweza kumpinga. Akapata nguvu. Akasema Injinia yuko nyuma ya wakati, hiyo saa haijiapdeti chochote. Saa za kifahari zinapima mapigo ya moyo, si ndiyo? Basi kwa miezi yote imesikiliza mapigo ya Mzee Abdulsamad, mapigo ya mtu anayelala kwenye feni mbili. Ghafla inafungwa kwenye mkono mwingine, inasikia moyo wa mtu wa vitunguu, unaodunda kila lori likipiga honi. Saa yenyewe si mjinga.

— Imekujua siyo mwenyewe, braza. Imejifunga. Na zile sura za kishua imezificha, zisije zikavaliwa Mabibo.

— Kwa hiyo nikimrudishia mzee itafunguka? Hija aliuliza, na sauti yake ilikuwa na kitumaini kidogo.

— Itafunguka, ndio. Ila itakuwa imeshamtumia ripoti.

Kitumaini kikazima. Hija alitazama mishale. Ilikuwa imelala pamoja, mmoja juu ya mwingine, kwa utulivu wa kukera kabisa. Aliwaza angesema imeanguka. Akaona ni uongo, na uongo wa kwanza ukweni haufai kuwa mkubwa. Aliwaza angempa Ibtisam airudishe. Akaona hapo shangazi atapata sentensi ya pili.

— Ripoti ya mapigo tu ingekuwa afadhali, alisema Mbwana, na alipopunguza sauti wote walijua redio imepata kituo. Nyie mmesahau kitu kimoja. Hiyo saa imekaa fungate. Siku saba. Ndani.

— Kwa hiyo?

— Kwa hiyo inasikiaga. Binamu yangu yuko Kunduchi hotelini kule, mgeni mmoja alikuwa anaongea na saa yake, na saa inamjibu, inamwambia kesho mvua. Kitu kinachojibu si kinasikia? Sasa hizi za kawaida zinasikia lakini zinasahau, ndo ukawaida wake. Hiyo ya kifahari haisahau. Kila ulichosema chumbani kipo Maskati kwa shemeji yako. Imesikia mpaka imeona aibu, mishale ikafumba macho.

Praygod alikubali mara moja, akaunga mkono hoja na kuongezea kwamba mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Gregori alisema kitaalamu hilo linawezekana. Farida alisema wote watatu wameshakunywa vikombe vingi, dele la kahawa linakaribia kukauka.

Hija hakuwasikia. Kati ya yote aliyoyasema siku saba zile, mengi yalikuwa ya mapenzi na halali yake, yasikike yasisikike. Lakini usiku wa tatu, Ibtisam alipokuwa amekumbuka nyumbani na machozi yanamlenga, Hija alisimama juu ya kitanda, akajifunga shuka kama joho, akamwigiza Mzee Abdulsamad anavyokohoa kabla hajasema neno. Kikohozi cha mzee ni cha awamu tatu: kwanza kinaita, pili kinasubiri, tatu kinafungua kikao. Ibtisam alicheka mpaka akashika mbavu, akaomba arudie, naye akarudia. Na saa alikuwa bado ameivaa, hajailaza kwenye chaji.

— Jamani, alisema taratibu, mie nimekwisha.

Ndipo nyuma ya benchi kikasikika kikohozi. Kikaita. Kikasubiri. Kikafungua kikao.

Mzee Abdulsamad alikuwa amesimama na kofia yake iliyodariziwa kwa mkono, kikapu cha ndizi mzuzu mkononi. Alikuja mwenyewe Mahakama ya Ndizi kuchagua za kumpikia mkwe jioni ile, maana ndizi hakumwamini mtu mwingine kuzichagua, na sasa alikuwa njiani kuelekea msikitini. Kijiwe kizima kilisimama. Shikamoo zikatoka tano karibu kwa pamoja, ya Hija ikawa ya mwisho na ndogo kuliko zote.

— Marahaba. Bwana harusi, mbona huku? Nilidhani ungetokea nyumbani.

Hija alikuwa na nafasi ya kuufunika mkono kwa leso. Aliifikiria. Halafu akaziona zile ndizi kikapuni, zilivyochaguliwa moja moja bila doa, akashindwa. Akanyoosha mkono.

— Baba, nimeiharibu saa yako. Ilirukiwa na maji nikaipangusa na kanzu, mishale ikaenda saa sita ikagoma. Nilikuwa natafuta namna ya kukwambia. Naomba unisamehe.

Mzee aliweka kikapu juu ya benchi. Akaushika mkono wa Hija, akausogeza mbele, akaurudisha nyuma, kama wafanyavyo watu ambao miwani wameiacha dukani. Akatazama muda mrefu. Praygod, ambaye ana jibu la kila kitu, alikuwa anatazama viatu vyake.

— Tangu ilipolala hivi, mmeigusa?

— Hapana, baba.

— Hata kidogo? Hawa nao?

Wote walitikisa vichwa. Gregori alieleza kwa unyenyekevu kwamba yeye binafsi ndiye aliyezuia.

— Kwa nini hukuigusa? Iko mkononi mwako siku saba.

— Uliniambia nisiiguse.

Mzee alimtazama, si saa tena, bali Hija mwenyewe. Kisha akasema:

— Iguse.

Hija alitia kidole kwenye kioo kama mtu anayejaribu uji wa moto. Mishale ikaamka. Mmoja ukashuka mbio kulia, mwingine ukaufuata na kuupita, ikasimama: saa tisa na dakika ishirini, barabara. Alipotoa kidole, ikangoja kidogo, ikarudi polepole juu, ikalala tena saa sita.

Akagusa tena. Ikaamka tena, ikasema saa, ikalala. Hija alihisi njaa ghafla, akakumbuka mchana hakula vizuri. Haikufa. Alhamdulillahi, haikufa, wala haikuwa na dalili ya kufa.

Mzee Abdulsamad aliketi. Hakuwa amewahi kukaa kwenye benchi lile tangu liwekwe. Akatoa leso akajifuta uso, na walipoona mabega yanatikisika wakadhani analia, kumbe ni kicheko kimemzidi.

Akawasimulia. Azzam alipomtumia saa alimwambia kwenye simu kwamba lile toleo lina sura moja ambayo nyingine hazina. Mishale inalala, haikusumbui, mpaka wewe mwenyewe utake kujua saa ndipo uiguse. Hiyo ndiyo iliyofanya iwe ghali, alisema Azzam, ni saa ya watu wasio na haraka. Mzee aliitafuta sura hiyo tangu Ramadhani. Alibonyeza pembeni, alibonyeza chini, ikamletea hali ya hewa ya Maskati na hesabu ya hatua anazotembea dukani. Kumuuliza tena mtoto aliona haya, kwa kuwa alikwisha kumwambia ameiona na ni nzuri sana. Alipoona ataivuruga kabisa, akaacha kuigusa, na Hija naye akapewa sharti lile lile.

— Kwa hiyo wanauza saa isiyosema saa, Mbwana alinong'ona, na ndo ghali kuliko zote.

— Si nilisema? alisema Praygod. Chanda chema huvikwa pete.

Mzee alimvua Hija saa, akaivaa mwenyewe, akawa anaigusa na kuiacha, anaigusa na kuiacha, uso umemng'aa. Kisha akataka kujua ilivyopatikana, ili siku ikipotea aijue njia. Hija alimweleza tena habari ya udhu na mkono wa kanzu. Mzee akashika ncha ya mkono wa kanzu yake, akaomba maji kwa Farida, akailowesha, akapangusa kioo, mara moja, kwa mkono wa mwenye duka la vitambaa.

Mishale ikatoweka. Zikarudi zile tarakimu za zamani.

Akapangusa tena. Ikaja hali ya hewa ya Maskati.

Mzee alikohoa awamu zote tatu, akamgeukia Hija bila hasira yoyote, akamuuliza kitu ambacho mtoto wa chekechea angekijibu:

— Uliipangusa kuelekea upande gani?

Hija aliinua mkono, akaupeleka huku, akaurudisha kule. Adhuhuri ile alikuwa bwana harusi anayetia udhu, nani anahesabu upande? Gregori alisema lazima ni kulia, maana kila kitu duniani hukazwa kwa kulia. Praygod alisema ni kushoto. Mbwana alisema inategemea alikuwa ameelekea wapi, na kama ni kibla basi jambo hilo si la benchi, liulizwe msikitini. Walikuwa bado wanabishana, mikono inapepea hewani kama ya watu wanaofuta madirisha, adhana ya alasiri ikaanza.

Mzee aliinuka. Akaivua saa, akaukamata mkono wa Hija, akamfunga tena, pale pale alipomfunga siku ya ndoa.

— Kaa nayo, mwanangu. Iguse unavyotaka. Ukiipata, njoo unionyeshe. Usipoipata, njoo tule.

Hija alichukua kikapu cha ndizi ili apate pa kuyaficha macho yake. Walikuwa wamepiga hatua chache kuelekea msikitini, benchi zima linawasindikiza kwa macho, mzee aliposimama kana kwamba amesahau kitu.

— Ibtisam alinipigia simu juzi, alisema. Anasema kikohozi changu unakipatia kuliko mimi mwenyewe. Jioni nataka nikisikie.

Akaendelea na safari yake. Hija alibaki na kikapu, akatazama saa, akatazama mgongo wa mkwe wake, kisha akamkimbilia.

Mbwana aliwatazama mpaka wakapotea.

— Kwa hiyo siyo saa iliyomsemea?

— Ni mke, Redio, alisema Farida. Hakuna toleo linalomzidi.

Akaliinamisha dele mbele yao. Likatoa tone moja, la pili likakataa. Watatu wakainuka wakikung'uta nguo, Injinia bado anasema kulia.